Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Diski ya Marehemu Babu Yako

Mpwa wangu azizi,

Nimeusoma waraka wako kwa utulivu, nami nimefahamu ya kwamba ile diski ya marehemu babu yako, iliyonusurika kompyuta yake ilipokufa, umeiunga na kompyuta yako mpya, ukayaona makabrasha yake yote yamepangwa kama alivyoyaacha, ila kila ukitaka kulifungua lile la picha na barua unajibiwa kwamba huna ruhusa. Na ya kwamba rafiki zako wamekushauri ama uifute diski yote uanze upya, ama uwape watu wote mamlaka kamili juu ya kila kilichomo. Shauri la kwanza ni la kuangamiza mali, na la pili ni la kuiacha wazi njiani. Nakusihi usifuate hata moja.

Ufahamu kwanza kwamba diski hiyo haina maradhi. Tangu mwaka 1993, Microsoft ilipotoa Windows NT pamoja na mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao NTFS, kila faili na kila kabrasha huandikiwa mmiliki wake, pamoja na orodha ya wale walioruhusiwa kusoma, kuandika au kufuta. Na Windows, mfano wa bawabu mwaminifu, huifuata orodha hiyo pasipo kutazama uso wa mtu. Tena bawabu huyu hamjui mtu kwa jina, bali humjua kwa nambari ndefu, aghalabu ianzayo na S-1-5-21, ambayo kompyuta huizalisha siku akaunti inapofunguliwa. Hata ukifungua katika kompyuta yako akaunti yenye jina la babu yako herufi kwa herufi, na nywila yake ile ile, bado utarudishwa mlangoni, maana nambari ni nyingine. Ukiitazama orodha ya kabrasha hilo utaona nambari tupu mahali pa jina: huyo ndiye marehemu, ambaye kompyuta yako haikupata kumjua.

Hata hivyo usikimbilie kubadili ruhusa kabla ya kuyakinisha kwamba kasoro ni ya ruhusa. Mara nyingi faili hukataa kufutwa kwa sababu tu limeshikwa na programu nyingine iliyo wazi. Na katika Windows 10, tangu mwaka 2017, upo ulinzi ambao ukiwashwa huweza kuizuia programu isiandike ndani ya kabrasha la nyaraka zako, ilhali wewe mwenyewe walifungua bila ya taabu, na asiyejua hushinda kutwa akigeuza ruhusa zisizo na kosa. Zito kuliko hayo ni mafaili yaliyofumbwa, ambayo Windows huyatia alama ya kufuli ndogo. Hayo, hata ukijifanya mmiliki wake, hutayasoma, kwani ufunguo wake umehifadhiwa chini ya akaunti ya mwenyewe, pamoja na nywila yake; kwa hiyo usifute chochote katika diski hiyo, hata yale mafaili ya Windows ya zamani unayoyaona kuwa ni taka.

Ukiisha kuridhika kwamba ni ruhusa tu, ingia kwa akaunti ya msimamizi, fungua sifa za kabrasha lile moja, uende kwenye ukurasa wa usalama, kisha kwenye mipangilio yake ya ndani, umbadilishe mmiliki uweke akaunti yako, na uamrishe mabadiliko hayo yashuke mpaka kwenye vyote vilivyomo. Umiliki pekee hautoshi. Wakupa haki ya kuandika orodha mpya, nawe ndipo ujiandikie ruhusa. Jiandikie ya kusoma, basi, kwa kuwa haja yako ni kunakili. Lau mafaili ni maelfu na madirisha yanakuchosha, amri za takeown na icacls hufanya kazi hiyo hiyo, na icacls huweza pia kukuhifadhia nakala ya ruhusa za awali kabla hujazigusa, jambo ambalo wengi hulipuuza kisha wakajuta.

Nimesema kunakili, wala sikusema kuhamisha, kwa makusudi. Nakala iliyowekwa ndani ya kabrasha lako hurithi ruhusa za kabrasha hilo, ilhali faili linalohamishwa ndani ya diski ile ile huenda na ruhusa zake za zamani, likakusumbua upya huko liendako. Na ukinakili kwenye flashi ya exFAT au FAT32, ujue kwamba huko hakuna mmiliki wala orodha; atakayeiokota atasoma yote.

Ama ile kauli ya kuwapa watu wote mamlaka kamili, mimi naiona ni uvivu uliovikwa joho la elimu. Vilevile jihadhari na amri ya kukataza: katazo hushinda ruhusa iliyo sawa nayo kwa daraja, na nimewaona wazazi waliowakataza watu wote ili kuwazuia watoto, wakajikuta nao wamo miongoni mwa watu wote. Wala usiyaguse mafaili ya Windows yenyewe, ambayo mmiliki wake ni TrustedInstaller. Huyo mwache na milki yake.

Limebaki moja. Kompyuta itakapokukubali kuwa mmiliki, itakuwa imekubali kwa nambari tu. Warithi wa babu yako ni wengi, na barua zile hakuandikiwa kila mtu. Kwa hiyo nakili zote, hakikisha kwamba nakala zafunguka, kisha kabla hujasoma hata moja, mwite mama yako aketi mbele ya kompyuta azipitie yeye kwanza.

Wasalaam,
Mjomba wako