Nani Kashika Futikamba?

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta amenishika shati kuhusu jambo moja na haniachilii. Anasema hivi: kwa kuwa wanaspoti wa vyuo vikuu vya Marekani sasa wanalipwa, basi walipwe kwa matokeo. Ukifunga, pesa. Usipofunga, rudi darasani ukasome. Kwake ni mantiki ya kawaida, kama sharti la "ikiwa" ndani ya programu. Nimemjibu kwa simu vipande vipande hadi vidole vimechoka, kwa hivyo leo namjibu hapa, nanyi wengine mtusikilize.

Kwanza historia kidogo. Michezo ya vyuo kule si kama yetu, ile ya kucheza Jumamosi mbele ya wanafunzi arobaini na mbuzi wawili. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan pekee unabeba watu zaidi ya 100,000, na hujaa. Televisheni inalipa, wenye nembo za viatu wanalipa, kocha anapokea mamilioni ya dola. Mchezaji alipewa karo, chumba na chakula, basi. NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo tangu 1906, kilishikilia kwamba mchezaji ni mwanafunzi tu, si mfanyakazi. Hata lile jina lao la "mwanafunzi-mwanaspoti" lilibuniwa miaka ya 1950 na NCAA chini ya Walter Byers, kwa hofu ya kesi za fidia. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M kule Colorado, alifariki baada ya kuumia kichwa uwanjani. Mjane wake alidai fidia ya mfanyakazi. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikamnyima.

Sasa sehemu ambayo sisi watu wa kompyuta tunapaswa kuipenda. Ukuta ulianza kupasuka kwa sababu ya mchezo wa video. Ed O'Bannon aliisaidia UCLA kutwaa ubingwa wa mpira wa vikapu mwaka 1995. Miaka mingi baadaye, nyumbani kwa rafiki yake, akajiona kwenye skrini: mchezo wa EA Sports wenye mchezaji wa UCLA, jezi nambari 31, mwenye kutumia mkono wa kushoto kama yeye. Jina tu ndilo halikuwepo. Fikiria rekodi kwenye hifadhidata iliyojazwa kila safu, urefu, nambari, mkono, isipokuwa ile ya jina, makusudi, ili mwenye data asidai chochote. O'Bannon alishtaki mwaka 2009, na mwaka 2014 jaji Claudia Wilken akaamua kwamba NCAA ilivunja sheria za ushindani. EA iliacha kutoa mchezo wake wa futiboli ya vyuo baada ya ule wa 2013. Uliporudi mwaka 2024, kila mchezaji aliyekubali sura yake itumike alilipwa dola 600 na nakala ya mchezo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipiga NCAA 9 kwa 0 katika kesi ya Alston. Julai 1 mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina, picha na sura zao, haki ambazo wao hufupisha NIL. Kisha Juni 6, 2025, jaji yuleyule Wilken akaidhinisha maafikiano ya kesi ya House: takriban dola bilioni 2.8 zilipwe kwa muda wa miaka kumi kwa waliocheza bila malipo, na kuanzia Julai 1, 2025 chuo kiweze kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Na mkataba wa dola 600 au zaidi kutoka nje ya chuo hupitishwa kwenye mfumo wa kompyuta uliojengwa na Deloitte, unaopima kama malipo hayo yana biashara ya kweli nyuma yake au ni mshahara uliovishwa kanzu. Ningelipa kiingilio nione mahitaji ya mfumo huo yalivyoandikwa.

Kwa hivyo rafiki yangu yuko sahihi kwamba pesa zipo. Anapokosea ni kudhani kwamba kulipa kwa matokeo ni wazo jipya.

Mwaka 1973 vyuo hivyo viliacha kutoa ufadhili wa miaka minne kwa mkupuo, ukawa wa mwaka mmoja mmoja, wa kuhuishwa. Ikawa hivyo kwa karibu miaka arobaini. Maana yake ni nini? Kijana anaumia goti mwezi wa Oktoba, na kocha ana uhuru wa kutohuisha karo yake mwaka unaofuata. Huo ulikuwa mkataba wa matokeo kamili, ila wenye upande mmoja tu. Ukishinda, hupati kitu cha ziada. Ukishindwa, unafunga sanduku. Waliokuwa wakisema pesa zitaharibu moyo safi wa michezo walikuwa wamekaa juu ya sharti hilo miaka yote, wametulia kama paka juani.

Haya, tuseme sasa tunaandika mkataba wa haki. Tutapima nini?

Watunzi wa programu tunalijua swali hili kwa makovu. Mwaka 1982 pale Apple, mameneja walitaka kila mtu ajaze fomu kila wiki akieleza ameandika mistari mingapi ya msimbo. Bill Atkinson, aliyekuwa akitengeneza sehemu ya kuchora picha ya kompyuta ya Lisa, alikuwa ameiandika upya kazi yake ikawa fupi na ya kasi zaidi. Akajaza: -2000. Baada ya wiki chache wakaacha kumpa fomu.

Mimi nimefanya kazi katika kampuni moja Nairobi iliyotoa bonasi kwa idadi ya tiketi ulizofunga kwa mwezi, yaani maombi ya kurekebisha hitilafu. Ndani ya miezi miwili hitilafu moja ilikuwa ikizaliwa tiketi tano. Kitufe kimepinda: tiketi. Rangi ya kitufe: tiketi. Neno lililo juu ya kitufe: tiketi nyingine. Mwenzetu mmoja alikaa wiki tatu akitafuta kwa nini malipo mengine yalikuwa yakirekodiwa mara mbili. Alipata jibu, akaokoa kampuni pesa nyingi, akafunga tiketi moja. Bonasi yake mwezi huo ilikuwa sufuri, na baada ya muda mfupi akaondoka. Hakuna aliyedanganya. Tulifanya tulicholipwa kufanya.

Sasa nenda kwenye ile futiboli yao ya mpira wa yai. Mbele kuna majitu matano ambayo kazi yao ni kumkinga kwotabeki, yule mrushaji, asiangushwe. Kwa kawaida hawabebi mpira na hawafungi. Kazi yao ikienda vizuri hakuna kinachotokea, na kutotokea kwa jambo ni kitu kigumu sana kukihesabu. Hao ndio mwenzetu wa wiki tatu. Ukilipa kwa yadi na mabao, umewalipa walioshika mpira kwa jasho la waliozuia.

Kwenye ligi ya kulipwa, NFL, mikataba ya shabaha ipo na inafurahisha kutazama. Januari 2022, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Rob Gronkowski wa Tampa Bay alihitaji kudaka mara saba na kusogea yadi 85. Kila shabaha ilikuwa na dola 500,000. Mechi na Carolina ilikuwa imeshaamuliwa, lakini Tom Brady alibaki uwanjani akimrushia rafiki yake hadi akadaka ile ya saba. Milioni moja ikaingia. Hadithi tamu. Ila jiulize ingekuwaje kama Brady hampendi. Na Gronkowski ni mtu mzima mwenye wakala, chama cha wafanyakazi na pesa benki. Mtoto wa miaka kumi na tisa chuoni hana chama cha kumsemea mezani.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kocha ndiye anayeamua nani aingie uwanjani, dakika ngapi, na mpira uelekezwe kwa nani. Kocha huyohuyo ni wa chuo, na chuo ndicho kinacholipa. Ukiandika "atalipwa akifikisha mapokezi 50", aliyefikisha 48 na mechi moja imebaki anaweza kukalishwa benchi, na hakuna mahakama itakayothibitisha kwamba haikuwa mbinu ya mchezo. Katika programu hatungekubali hata siku moja mtumiaji yuleyule aandike ingizo, aendeshe hesabu, na awe ndiye anayefaidika jibu likiwa dogo. Bonasi ambayo mlipaji anashika futikamba yake ni ahadi tu.

Na ahadi tumeziona. Mwaka 2024 Matthew Sluka, kwotabeki wa UNLV, aliondoka baada ya mechi tatu, zote timu yake ilizoshinda, upande wake ukisema alikuwa ameahidiwa dola 100,000 kwa mdomo na hazikuja. Chuo kilikanusha. Matokeo yalikuwa 3 kwa 3, na bado hayakumsaidia.

Wakati huohuo, kocha. Novemba 2023 Texas A&M ilimfuta Jimbo Fisher kwa sababu timu haikuridhisha, na mkataba ukalazimu alipwe zaidi ya dola milioni 75 aende nyumbani. Sina kinyongo naye, alisaini karatasi nzuri. Lakini anayetaka malipo yafuate matokeo aanze na huyo, kisha ndipo ashuke kwa kijana anayelala hosteli.

Kuna mahali rafiki yangu ananibana kweli, nami sitamkwepa: riadha. Saa haina kocha. Mwaka 1978 Henry Rono, kijana wetu wa Nandi aliyekuwa mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 10,000, 5,000, 3,000 kuruka viunzi na maji, na 3,000 za kawaida. Kwa kanuni za uridhaa za wakati ule hakuruhusiwa kulipwa kwa hizo. Miaka ya baadaye alipata shida kubwa ya maisha Marekani, hadi kukosa makao, na alifariki Februari 2024. Kwa mtu kama Rono, kila rekodi kuwa na bei yake ni haki tupu. Futikamba haikuwa mikononi mwa mtu yeyote.

Hata hivyo, angalia hesabu ya leo. Vyuo vingi vikubwa vinazielekeza zile milioni 20.5 kwa futiboli na mpira wa vikapu wa wanaume, na mkimbiaji anabaki na makombo. Pia mwanafunzi wa kigeni yuko chini ya viza ya F-1, ambayo inabana sana kazi za kulipwa, ndiyo maana wageni wengi hawakuzigusa pesa za NIL wenzao walipokuwa wakisaini. Na sisi Wakenya tumeshaona upande wa pili wa kulipwa kwa saa peke yake: orodha ya wakimbiaji wetu waliofungiwa kwa dawa zilizopigwa marufuku ni ndefu kupita mia. Mtu ambaye chakula cha ukoo mzima kinategemea sekunde nne ana sababu ya kutafuta sekunde nne popote.

Mimi ningeandika hivi: mshahara wa msingi usioguswa, umjie mchezaji awe uwanjani au awe na magongo. Karo ya miaka yote hadi amalize shahada, na matibabu ya jeraha hata baada ya kuondoka. Juu ya hapo, bonasi ya timu nzima kwa ushindi, sawa kwa aliyefunga na aliyezuia, kwa sababu ushindi kocha hawezi kuuficha bila kujiumiza mwenyewe. Kwa wakimbiaji na waogeleaji, ongeza ya saa, ila iwe ndogo kuliko msingi. Mchezaji nyota ataniambia anapunjwa. Sawa, huyo ana NIL, akauze viatu na vinywaji. Soko linamwona.

Na kama una mdogo wako Iten au Eldoret ambaye barua ya chuo cha kule imemfikia, usianze kuuliza ni dola ngapi. Uliza karo inadumu miaka mingapi akivunjika mguu wiki ya pili, na uombe uonyeshwe mstari unaosema hivyo kwenye karatasi.