Bustani za Shule Katika Vilima vya Machakos

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa, akageuka kwenye njia panda ya kwenda Machakos, huviona vilima vya Iveti vikisimama juu ya mji. Miteremko yake imekatwa matuta mfano wa ngazi. Matuta hayo huitwa fanya juu, kwa maana mchimbaji huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Maji ya mvua yateremkapo hukuta kizuizi, yakatulia na kuzama ardhini.

Katika miaka ya 1930 nchi hiyo ilikuwa imechakaa kwa makorongo. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule iliunganisha Makueni, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Mtu angalidhani ardhi ilizidi kuharibika. Sivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua na miti imeongezeka. Matuta yaliyochimbwa kwa amri ya serikali ya kikoloni yalichukiwa, na mengi yaliachwa. Yale ambayo wenyeji waliyachagua wenyewe, wakayachimba katika vikundi vyao vya mwethya, ndiyo yaliyodumu.

Funzo hilo lafaa sana kwa shule za msingi zinazotaka kuwa na bustani ya kilimo cha kudumu. Kilimo hicho kilielezwa katika kitabu cha Bill Mollison na David Holmgren, kilichotoka Australia mwaka 1978. Shabaha yake ni kupanga shamba kwa mfano wa msitu: maji yasipotee, takataka zirudi kuwa chakula cha udongo, na kila mmea usaidie mwenzake.

Kazi huanzia juu ya paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Basi darasa lenye paa la mita 15 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 10, laweza kuleta lita 1,200, ukiondoa kidogo kinachopotea. Hesabu hiyo wanafunzi huweza kuifanya ubaoni, kisha wakatoka nje kuipima katika tangi. Maji yanayomwagika penye kunawia mikono huelekezwa kwenye shimo la migomba na mipapai. Mahindi hupandwa katika mashimo ya sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, yaliyojazwa udongo na samadi. Katika sehemu kavu hutiwa mbegu tano kwa kila shimo, na penye mvua nyingi mbegu tisa. Kunde hutandaa kati yake na kuufunika udongo, na mikau hupandwa mpakani kwa sababu huvumilia ukame na hutoa mbao nzuri.

Hata hivyo, adui mkubwa wa bustani ya shule si jua wala wadudu, ni likizo. Katika Ukambani mvua za kutegemewa zaidi ni zile za Oktoba hadi Desemba. Lakini wakati huo huo shule hufungwa kwa likizo ndefu. Magugu huota, mbuzi huingia, na kunde hukomaa pasipo mtu wa kuzichuma. Wanafunzi warudipo Januari hukuta ua umebomoka, na mwalimu aliyekuwa na bidii huenda amehamishwa.

Hapo ndipo mwethya unapohitajika. Kamati ya shule yapasa kukutana na wazazi kabla ya mbegu ya kwanza kupandwa, wakapatana waziwazi juu ya mambo matatu: nani atapalilia na kulinda wakati wa likizo, maji ya tangi yatatumiwaje, na mavuno yatagawanywaje. Mzazi anayepalilia Desemba apate fungu lake la kunde na mbegu za kupanda kwake. Sehemu nyingine iingie katika chungu cha shule, na nyingine iwekwe kuwa mbegu ya mwaka ujao. Bustani ikiwa ya mwalimu peke yake, huondoka naye. Ikiwa ya kijiji, hubaki.

Tena yafaa jembe lisiwe adhabu. Mtoto anayepelekwa bustanini kwa sababu amechelewa hujifunza kwamba kilimo ni kazi ya wakosaji. Vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa mwaka 1962, vilikusudiwa kuwafundisha watoto kinyume cha hayo, nalo jina lake lasema: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya.

Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Shule yenye matuta, tangi na wazazi waliopatana yaweza kufunga mlango wake Novemba bila hofu, kwa kuwa bustani yake haitakuwa imefungwa.