Tosamaganga na Divai Nyekundu ya Mezani

Je, ndugu msomaji, umepata kufika Tosamaganga? Ni upande wa magharibi wa mji wa Iringa, si mbali na Kalenga, ambako Wajerumani waliteka boma la Mtwa Mkwawa mwaka 1894. Wabenediktini Wajerumani ndio walioanzisha misioni hapo. Mwaka 1919 wakafika Mapadre wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino, Italia. Basi watu wa Tosamaganga na Waitaliano wamejuana zaidi ya miaka 100.

Mapadre hao wa kwanza walitoka katika nchi ambayo wakulima wake wamekula tangu zamani ugali wa mahindi ya njano, uitwao polenta. Kwa hiyo ugali wa Uhehe haukuwa kitu kigeni kwao. Tofauti ilikuwa kando ya sahani: kwetu ulanzi, kwao divai.

Leo nataka kukueleza habari za divai nyekundu yenye nguvu, iitwayo Aglianico. Kwao hasa ni Italia ya kusini, katika majimbo ya Campania na Basilicata, ambako mizabibu yake huota penye udongo wa milima ya moto ya zamani. Lakini usidhani iko mbali nasi. Zabibu za namna hiyo zimepandwa hata kwa jirani zetu wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuilaza.

Ukiionja peke yake, utakunja uso. Ina ukali na ukakasi, kama ndizi mbichi. Ukakasi huo hutoka katika maganda na kokwa za zabibu, nao hukausha mate mdomoni. Sasa, kula kwanza kipande cha nyama ya mbuzi ya kuchoma, au ya nguruwe yenye mafuta, kisha onja tena. Ukakasi umepungua! Nyama na mafuta yake vimeupoza, na divai nayo imesafisha ulimi. Ugali na maharage yaliyoungwa kwa nyanya vinafaa pia. Bali samaki haipatani nayo, maana huacha ladha kama ya chuma. Na pilipili nyingi huzidi kuwaka kwa sababu ya kileo.

Hapo ndipo penye fundisho. Divai ya namna hii yenyewe inadai chakula. Imetengenezwa iwekwe mezani, wakati wa kula, pamoja na watu wa nyumbani. Chupa moja hutoa bilauri tano au sita tu, na kileo chake hupita cha bia mara mbili na zaidi.

Sasa tujitazame sisi. Majira ya ulanzi yakifika, mwanzi hutoa utomvu mtamu, nao huchacha upesi na kuzidi ukali siku kwa siku. Si kinywaji kibaya. Ni mali ya nchi yetu. Lakini baba wangapi huunywa tangu asubuhi, tumbo tupu, mbali na mke na watoto? Akirudi usiku, chakula kimepoa, hela ya daftari imekwisha, na ugomvi umeanza. Hapo pombe imekula mahali pa chakula.

Utaniuliza: Je, nami ninunue divai? La, sikutumi dukani. Fedha ya ada ya shule isiguswe kwa ajili ya chupa. Mama mjamzito, mtoto na mwenye kuendesha pikipiki wasionje kabisa. Lakini wewe unayekunywa, jifunze desturi hii moja: kwanza sahani, kisha kikombe, kikombe kidogo, tena nyumbani. Ukiwa na ulanzi, uulete mezani penye ugali na maharage, mbele ya mama watoto. Mwenye kunywa mbele ya watu wake hujua mapema kiasi kimetosha.