Kipupwe katika Mtaa wa Kiangazi

Msomaji, ukitaka kujua jinsi jina linavyoweza kuwadhihaki watu, njoo ututembelee mtaani kwetu mwezi wa Julai. Mtaa wetu uko mashariki ya Nairobi, karibu na viwanda vya Baba Dogo, nao huitwa Lucky Summer, yaani kiangazi chenye bahati. Aliyeutunga jina hilo bila shaka aliuona mwezi wa Februari, jua likiwaka. Laiti angalikuja Julai, angaliona mawingu ya kijivu yamelala juu ya mapaa ya mabati kama blanketi lililolowa maji, na watu wakienda kazini alfajiri mikono imo makwapani. Labda angalichagua jina jingine.

Usidhani kuwa nasimulia habari za baridi ya kugandisha maji. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii 1 kusini ya ikweta, na usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi digrii 11 au 12 hivi. Mtu wa Norway angecheka. Lakini mtu wa Norway hukaa katika nyumba yenye madirisha ya vioo viwili viwili na mitambo ya kupasha joto vyumba vyote. Sisi twakaa katika nyumba za mawe zisizo na moto wowote, ambazo hunywa baridi usiku kucha na kuitema mchana kutwa. Kwa baridi ya nje, wao ni mabingwa. Kwa baridi ya ndani, nadhani twawashinda.

Sababu yake si ile ya Ulaya. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo wa kusi, ule ule uliovisukuma vyombo vya mwambao kwenda Arabuni na Bara Hindi, huleta barani hewa yenye unyevu kutoka baharini. Hewa hiyo hupanda miinuko, hupoa, ikawa mawingu ya chini ambayo huifunika Nairobi na kulificha jua hata siku kadhaa mfululizo. Mawingu hayo hayana mvua ya maana. Kazi yao ni kukaa tu.

Mimi na mke wangu tulihamia Lucky Summer mwaka 2021, mara baada ya arusi. Chumba chetu kilikuwa kimoja, na dirisha moja lililotazama upande wa mto. Ng'ambo ya mto ni Dandora, penye jaa kubwa la taka za jiji lililofunguliwa mwaka 1975, na moshi wa jaa hilo, upepo ukiupenda mtaa wetu, huingia nyumbani bila ya kubisha hodi. Kwa hiyo tulikuwa na sababu mbili za kufunga dirisha, na sababu mbili ni nyingi kwa watu wanaotafuta moja.

Mke wangu aliuza nguo za mitumba alizozinunua Gikomba. Kipupwe, ambacho kwa wengine ni mateso, kwake kilikuwa msimu wa mavuno, maana ndipo masweta na makoti yanapotoka. Yalikuwa makoti ya majira ya baridi ya kaskazini, mazito kama magodoro, na katika mifuko yake mlikuwa na mabaki ya maisha ya watu: kifungo, sarafu, tiketi ya basi iliyoandikwa kwa lugha tusiyoijua. Moja alikataa kuliuza. Lilikuwa la kijani, refu hadi magotini, na kola ya manyoya. Basi koti lilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili. Mimi nililivaa alfajiri kwenda zamu ya kiwandani, nikarudi nalo saa nane. Yeye alilivaa jioni kwenda kibandani, akarudi nalo saa tatu ya usiku. Mara nyingi nililivaa likiwa bado na harufu ya mafuta yake ya nywele, na hilo, msomaji, ni joto ambalo kipimajoto hakilipimi.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sifurahi kulisimulia, kwa kuwa kosa lake lilikuwa langu. Ilikuwa wiki ya pili ya Julai 2022, baridi imetuuma kuliko mwaka uliotangulia. Jumamosi nilikusanya magazeti ya zamani, nikayakunja, nikaziba kila ufa wa dirisha, na chini ya mlango nikatandika gunia. Nilijisifu kama fundi aliyemaliza msikiti. Jioni tulipika kwa jiko la makaa nje, kwenye ukumbi, kama ilivyo desturi. Lakini tulipokwisha kula nililiangalia jiko limejaa makaa mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, nikaona ni hasara joto lile kupotea bure. Nikaliingiza ndani. Mke wangu aliuliza, "Je, hakuna hatari?" Nikamjibu kuwa hatari ni moshi, na moshi haupo.

Chumba kilipata joto zuri. Tulilala.

Ninayokumbuka baada ya hapo ni machache. Kichwa kiliniuma kama kinachopigwa nyundo, nami nikajiambia ni malaria. Nilimsikia mke wangu akitapika, kisha akijaribu kusimama, kisha kishindo cha sufuria na cha mtu kuanguka. Nilitaka kumwinua, miguu yangu ikawa kama si yangu. Jirani yetu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameamka kuwahi soko, alisikia kishindo hicho. Alibisha, akaita, akasukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Hakuuliza neno. Alimburuta mke wangu nje kwenye baridi, akarudi kunishika mimi, na mara ya tatu akarudi kulitoa jiko. "Wanangu," alisema alipopata pumzi, "mlitaka kufa mkiwa na joto?"

Kwenye zahanati mganga kijana alitueleza. Makaa yanapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na jicho linaloona makaa safi halina habari nayo. Ndani ya damu hushikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Na kila kiti kilichokaliwa na mgeni huyo hakina nafasi ya mwenyeji. Mtu huhisi maumivu ya kichwa, kichefuchefu, miguu kulegea, kisha usingizi. Aliye usingizini tayari hahisi kitu. Nilitazama chini mganga alipouliza ni nani aliyeliingiza jiko ndani.

Nimewaza sana tangu siku hiyo juu ya nyumba za zamani za walowezi, kule upande wa magharibi wa jiji, zilizojengwa na mahali pa kuota moto na bomba la kupeleka hewa chafu juu ya paa. Waliozijenga waliijua baridi ya Nairobi. Waliojenga vyumba vyetu nadhani waliijua pia, ila bomba lina gharama.

Wiki mbili baadaye mke wangu alisema, "Twende tukalitafute jua." Tulikuwa na akiba ndogo iliyotokana na masweta. Tulipanda matatu mjini, tukashika barabara ya Thika, tukapita Sagana na Karatina, ukungu ukitusindikiza njia nzima, hata tulipofika nyuma ya Mlima Kenya, mawingu yakabaki upande wa pili. Mlima ule huyazuia kama ukuta. Nanyuki kulikuwa na jua tele. Tulimwona Batian, kilele chenye mita 5,199, akiwa na weupe kidogo wa barafu iliyobaki, maana barafu ya mlima ule imekuwa ikipungua kwa zaidi ya miaka 100.

Kabla ya kuingia mji kuna kibao kinachoonyesha mstari wa ikweta, futi 6,389 juu ya usawa wa bahari. Kijana mmoja alituonyesha karai lenye tundu, maji yakizunguka upande huu kusini ya mstari na upande ule kaskazini yake. Ni mchezo wa mikono. Mzunguko wa dunia hauna nguvu juu ya maji machache kama yale. Tulimlipa hata hivyo, kwa kuwa alizungumza vizuri. Lakini jambo moja pale ni la kweli. Kwa hesabu za wanajimu, mwezi wa Julai kusini ya mstari ni majira ya baridi, na kaskazini yake ni kiangazi. Mke wangu alisimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, ndani ya koti la kijani, akautazama mguu wake wa kaskazini. "Huu ndio wenye bahati," akasema. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Usiku jua lilituacha, na baridi ya Nanyuki, msomaji, haina mchezo. Mwenye nyumba ya wageni alitupa mablanketi matatu, akauliza kama twataka aletewe mtu jiko la makaa kidogo chumbani. Tulijibu kwa pamoja, kwa sauti kubwa kiasi cha kumshtua. Alipokwenda zake tulitandaza koti juu ya mablanketi. Nilikuwa karibu kusinzia niliposikia mke wangu ameamka. Alikwenda dirishani miguu mitupu, akalifungua kwa upana wa vidole vinne, akarudi mbio kitandani na miguu yake ya barafu akaiweka juu ya yangu.