Nilimpenda Ndumilakuwili Kabla Sijampenda Mume Wangu

Watu wakisikia mimi ni mchora katuni hucheka kwanza, halafu huuliza: "Kumbe na wanawake huwa mnachora?" Jamani, nimeshazoea. Swali ninalolipenda ni lile linaloulizwa na wachache: huu ugonjwa ulianzia wapi?

Ulianzia kwenye karatasi za kufungia karanga. Nimekulia Kibaha, eneo la Picha ya Ndege (ndiyo, hata mtaa wetu una jina la mchoro!). Mama alikuwa na meza ya chai, maandazi na karanga pale Maili Moja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi hizo mabasi ya bara yakisimama pale abiria wanunue chochote dirishani. Magazeti ya zamani aliyanunua kwa kilo. Humo ndimo nilimokutana na gazeti la Sani, na wale watu wake waliokuwa gumzo nchi nzima: Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge.

Shida ni kwamba sikuwahi kupata hadithi nzima. Mwanzo ninao mkononi, mwisho umeshaondoka na abiria wa Dodoma. Basi nikawa namalizia mwenyewe kwa penseli, nyuma ya daftari la hesabu. Leo wanangu wa kazi wakiniuliza nilisomea wapi kutunga hadithi, nawaambia nilisomea kwenye kurasa zilizopotea.

Baba naye alikuwa na wake. Alikuwa msomaji wa Uhuru, gazeti la chama, na ujana wake ulipita na Chakubanga, kibonzo cha Christian Gregory kilichotamba miaka ile ya Azimio la Arusha. Akinisimulia Chakubanga, anacheka kabla hajafika mwisho, na mimi nacheka kwa sababu yeye anacheka. Ndiye aliyenieleza kwamba hata jina la Sani limetokana na watu wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Nilishangaa. Kumbe nyuma ya mchoro kuna mtu! Kuanzia hapo nikawa naangalia sahihi kwanza, hadithi baadaye. Nikajifunza jina la Philip Ndunguru, fundi aliyefariki angali kijana miaka ya 1980, ambaye wachoraji wakubwa kwangu bado wanamtaja kama mwalimu. James Gayo akanionyesha kwamba mhusika mmoja, Kingo, anaweza kubeba gazeti zima kwa jina lake. Masoud Kipanya akanionyesha kwamba kapanya kadogo kanaweza kusema yale ambayo wakubwa wanayamung'unya. Na Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1969, aliacha masomo ya usanifu majengo Ardhi na mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation. Kwa mtoto wa muuza karanga, habari hiyo ilikuwa kubwa: kalamu inalipa kodi ya nyumba.

Lakini mwalimu wangu wa mstari hakuwa mchora katuni. Ni bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe. Likizo zote nilikuwa kwake. Unatoka Kibaha unaingia Dar, unatafuta gari la Gongo la Mboto, halafu unapandisha milima ya Pugu mpaka hewa inabadilika. Bibi alikuwa na mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti ambacho Wazaramo walimpa mwali akiwa ndani. Hana mikono, hana miguu. Ana kichwa chenye mitindo ya nywele, matiti, kitovu, basi. Alama chache, lakini kila anayemwona anajua huyu ni nani na amebeba nini. Mpaka leo nikichora mtu nikaona mistari imezidi, namkumbuka yule, nachukua kifutio.

Sasa tuambiane ukweli. Katika vibonzo vingi vya enzi zile, dada wa mjini alikuwa na kazi mbili tu: kutikisa makalio na kuchuna buzi. Mke wa nyumbani yeye alisimama mlangoni na mwiko, akimsubiri mume mlevi. Viputo vya maneno vilikuwa vya wanaume. Dada akifungua mdomo, anaomba hela. Nilicheka kama wote, na navipenda mpaka leo. Ila tulikuwa tunajifunza mapenzi humo, sisi watoto. Mvulana aliyekua na picha ile, siku ya kwanza anakutoa soda anakutazama kama bili inayotembea. Na msichana naye anaanza kujiona vilevile.

Nilipofika miaka kumi na tatu hivi, katika zile hadithi za kumalizia mwenyewe, dada akaanza kujibu. Sikupanga. Nilikuwa na kiputo kitupu juu ya kichwa chake, nikaona vibaya kukiacha. Kazi yangu yote mpaka leo ni kujaza kile kiputo.

Kwamba sikuwa peke yangu nilikuja kujua ukubwani, rafiki aliporudi masomoni Ufaransa na kuniletea Aya. Ni kitabu cha katuni cha Marguerite Abouet, mzaliwa wa Ivory Coast, kimechorwa na Clément Oubrerie, na cha kwanza kilitoka mwaka 2005. Wasichana wa Yopougon, Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970: Aya anataka udaktari, mashosti zake wanataka muziki na wanaume. Wana makalio, ndiyo. Lakini wana maneno pia! Nilikisoma usiku mmoja, kwa Kifaransa cha kubahatisha.

Halafu likaja suala la ndoa. Siku mchumba alipokuja na wazee wake nyumbani Kibaha, baba yake mdogo aliuliza kwa upole kabisa: "Mwanetu, huyu binti si atatuanika gazetini?" Watu wakacheka. Mimi niliona mchumba wangu hakucheka. Kesho yake akaniomba nitumie jina la bandia. Nikamwambia baba yangu alinifundisha kuangalia sahihi kwanza, na mimi jina langu ndilo duka langu. Wiki mbili simu zikawa za salamu tu. Mahari ilishaanza kujadiliwa, na mimi nilikuwa tayari kuirudisha.

Hakukuwa na mshenga wa jambo hili. Nilimwalika Kisarawe kwa bibi, nikamtandikia mkeka, nikampa bahasha ya vibonzo vyangu vya mwaka mzima, vyote vya wapenzi. Nikaenda jikoni kumsaidia bibi kukuna nazi. Kimya. Nikasikia kicheko kimoja, halafu kimya tena. Akaja mlangoni na karatasi moja, ya mwanaume anayeficha hati ya mshahara ndani ya kiatu. "Hapa mwisho," akasema, "huyu mke angemjibu nini?" Kiputo nilikuwa sijakijaza. Tulikaa mpaka jioni tukibishana maneno ya yule mwanamke. Suala la jina la bandia sijalisikia tena.

Leo tuna mkataba usioandikwa. Kibonzo chochote kinachotuhusu anakisoma kwanza yeye. Asipocheka, hakitoki. Ametumia haki hiyo mara mbili, na moja iliniuma kweli maana ilikuwa kali. Lakini imebaki kwenye droo, na ndoa imebaki nyumbani.

Siku hizi vibonzo viko kwenye simu, kila mtu anasogeza kidole peke yake kitandani, mwenzake kageukia ukutani. Sisi tulisoma vichwa vitano kwenye karatasi moja, na kila mmoja alijua mwenzake anacheka nini. Kwa hiyo, dada unayechumbiwa, na wewe kaka unayejipanga: ukitaka kujua mtu anamwonaje mwanamke, au mwanaume, usimuulize, atakudanganya. Mpe kibonzo, kaa karibu yake, utazame anacheka wapi.