Reli Ndani ya Kanda

Sisi tuliobalehe Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 tulikuwa watu wa dansi. Kiko Kids, Nyanyembe, Tabora Jazz: gita likianza kulia tu, miguu ishajua. Kwa hiyo baba mdogo aliporudi kutoka kozi Ujerumani na kanda ya Kraftwerk, Trans-Europe Express ya 1977, rafiki zangu waliisikiliza dakika mbili wakaniuliza kama redio imeharibika.

Mimi niliganda. Kwetu ni jirani na tuta la reli, na hicho walichokiita kelele nilikuwa nalala nacho kila usiku: magurudumu yakivuka maungio, ta-tak, ta-tak, treni ya Mwanza ikichepuka kaskazini, ya Kigoma ikishika magharibi. Hao Kraftwerk, vijana wa Düsseldorf, walikuwa wameitoa sauti ileile kwenye mitambo. Na reli yenyewe si waliijenga Wajerumani? Ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, ile waliyoikanyaga babu zetu Wanyamwezi na pembe mabegani hadi Bagamoyo, kirangozi mbele, nyimbo zikiwasukuma. Safari ndefu haiendi bila mdundo.

Tulipenda muziki kwa taabu. Ilikuwa miaka ya vita vya Kagera na foleni za sukari. Betri ukizipata umebahatika. Zikichoka nilizianika juu ya bati tangu asubuhi, nipate walau upande mmoja wa kanda jioni. Siku moja redio iliitafuna kanda. Niliichomoa taratibu, nikaizungusha kwa kalamu ya Bic, lakini pale ilipokunjika sauti ikawa inazama kama imetumbukia kisimani. Leo nikiusikiliza wimbo wa pale ilipokunjika kwenye simu, bado naungojea uzame. Hauzami.

Baadaye ikaja Planet Rock ya Afrika Bambaataa, ya 1982, imebeba muziki uleule wa Kraftwerk. Walioniuliza habari za redio mbovu waliicheza mpaka jasho likawatoka. Sikusema kitu. (Nilisema kidogo.)

Juzi nimepanda treni ya reli mpya, SGR, Dar hadi Dodoma, na mjukuu wangu. Vyuma vyake vimechomelewa, inateleza kimya kama mtumbwi. Nikamwomba aniwekee Kraftwerk, tukagawana spika za masikioni, yeye moja mimi moja.

Akasikiliza, akakunja uso.

"Babu, hicho kinachogonga ni nini?"