Mistari Niliyoifuta kwa Mkono Wangu

Kosa ninalolisimulia leo nililitenda asubuhi ya Jumamosi, nikiwa na brashi mkononi na nia njema moyoni. Nalisimulia kwa idhini ya mwanangu mwenye umri wa miaka 13, ambaye ndiye aliyedhulumiwa, na kwa idhini ya baba yangu mzazi, ambaye aliyaona yote akanyamaza mpaka nilipomwuliza.

Baba yangu alikuwa fundi wa mabati ya ndege. Ujanani mwake alifanya kazi katika karakana za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, Embakasi, jijini Nairobi. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 alirejea Tanga, akafungua kibanda cha kuziba masufuria na kunyoosha milango ya magari iliyobonyea. Sisi wanawe tulikua tukimsikia akiitaja ndege moja kama watu wengine wanavyomtaja rafiki wa utotoni: Super VC10. Ilikuwa ndege ya jeti iliyoundwa Uingereza, yenye injini nne zilizopangwa mkiani, mbili kila upande, na bawa dogo la nyuma limekaa juu kabisa ya mkia. Shirika lilikuwa nazo tano. Jumla ya ndege zote za VC10 zilizopata kuundwa duniani ni 54, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilikuwa yetu. Ilikabidhiwa mwaka 1970 ikiwa na herufi 5H-MOG ubavuni, na hizo 5H ni alama ya Tanzania. Baadaye ilichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza, ikageuzwa kuwa ndege ya kuzijaza ndege nyingine mafuta zikiwa angani, ikatumika hadi mwaka 2013. Baba alipopewa habari hiyo alitikisa kichwa akasema, "Miaka arobaini na mitatu! Basi hatukuifanyia mzaha."

Mwanangu naye si mtoto wa maneno mengi. Anasoma shule ya bweni, na kila anaporudi likizo huamkia kwa babu yake kabla hata hajafungua sanduku. Desemba ya mwaka juzi wawili hao walikubaliana kuunda mfano wa 5H-MOG. Kiwiliwili walikitengeneza kwa bomba la plastiki la maji taka la inchi nne, na bomba hilo ndilo lililowaamulia kipimo: takriban moja kwa thelathini na nne. Ndege halisi ilikuwa na urefu wa mita 52 hivi. Mfano ukawa na urefu wa mita moja na nusu. Pua ilichongwa kwa mbao laini, mabawa yakakatwa kwa plaiwudi, na maungio yote yakasawazishwa kwa puti ya mafundi wa magari. Umbo lilikamilika kwa siku kumi. Nililitazama nikadhani kazi imekwisha.

Kumbe kazi ilikuwa ndiyo inaanza. Ngozi ya ndege, kama Baba alivyonifafanulia baadaye, si kitu kimoja. Ni mamia ya mabamba ya alumini yaliyopakana, kila bamba na mpaka wake, kila mpaka na safu yake ya ribiti. Kuna vifuniko vidogo vya kukagulia mifereji ya mafuta, kuna milango ya mizigo, kuna bati la ziada linalozunguka kila mlango ili kuupa nguvu. Mfano usiokuwa na alama hizo, hata ukiwa na umbo sahihi, jicho hulikataa umbo hilo. Huuona ni bomba lililopakwa rangi.

Basi kijana alikaa wiki tatu akichora mipaka hiyo. Njia aliyofundishwa na babu yake ni ya subira. Huchukua utepe wa wapaka rangi wa magari, akaulaza juu ya kioo, akaukata kwa wembe kuwa uzi usiozidi milimita moja. Huubandika uzi huo pale penye mpaka wa mabamba. Kisha hupuliza rangi ya msingi ya kijivu, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, akiacha kila mkono ukauke. Halafu husugua kwa msasa laini uliolowa maji mpaka utepe uanze kuchungulia, ndipo huuvuta polepole. Unapotoka, huacha nyuma yake mfereji mwembamba, ulionyooka, ambao kidole hakiuoni lakini mwanga wa jioni huuona. Aliirudia kazi hiyo mamia ya mara. Januari ilipofika, alirudi shuleni akauacha mfano juu ya kabati la sebuleni, ukiwa wa kijivu, wenye mistari, na wenye michoro ya penseli isiyofutwa.

Mwezi wa Aprili nilitarajia wageni. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wetu, na nyumba yangu hupokea watu. Nilitazama kabati nikaona kitu kilichochakaa. Ile mistari niliiona kuwa mikwaruzo. Ile penseli niliiona kuwa uchafu. Nilikuwa na kopo la rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti la nyumbani. Nilijiambia, kijana akirudi atafurahi kukuta nimemkamilishia. Nikapaka mikono miwili, minene, inayong'aa. Mifereji yote ikajaa. Wageni wakausifu. Nami nikapokea sifa.

Juni aliporudi, alisimama mbele ya kabati kwa muda ambao sikuupima. Kisha akageuka akaniambia, "Asante, Baba," akaenda kuoga.

Ndugu msomaji, wapo watoto wanaolia, na wapo wanaokasirika, na mzazi hujua la kufanya. Huyu alinishukuru. Nilikaa siku nne nikiamini kuwa nimefanya jema. Ni mama yake aliyenitanabahisha, kwamba kijana hajaugusa mfano tangu afike na wala haendi tena kwa babu yake. Nikaenda mimi. Nilimwamkia mzee, nikaketi, nikamwuliza kuna nini. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, ulipokuwa chuoni ukinakili daftari zako usiku kwa taa ya mafuta, lau ningekuja nikapaka kurasa zile chokaa ili zipendeze, ungeniambiaje?"

Sikuwa na jibu. Njiani kurudi nilifikiri juu ya kazi yangu mwenyewe. Kazi ya katibu ni kuchukua mkutano wenye sauti kumi na kuutoa ukiwa na sauti moja. Watu hubishana saa nzima kuhusu bomba la maji, nami huandika kwamba wajumbe walijadiliana kwa kina wakaafikiana. Nimeizoea kalamu inayolainisha. Nadhani nilikuwa nimeanza kuutazama ulimwengu wote kama muswada unaosubiri nakala safi.

Usiku ule nilimwita mwanangu nikamwomba radhi. Sikusema "nilikuwa nataka kukusaidia," kwa kuwa radhi yenye udhuru ndani yake ni nusu ya radhi. Nilisema nimeharibu kazi ya mikono yako bila kukuuliza, na kama utaniruhusu, nitaiondoa rangi kwa mikono yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Unajua kusugua bila kuchimba?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nitakufundisha."

Tulianza kesho yake barazani kwa babu. Likizo ya Juni haikutosha, tulimalizia Desemba. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za msasa peke yake. Rangi ya geti imeundwa ili isitoke, na haikutoka kwa hiari. Ilipotoka, ilitoka na sehemu kubwa ya mistari, nasi tukaanza upya na utepe, kioo na wembe. Nilikata nyuzi za utepe mpaka vidole vikaota sugu.

Nilijifunza mambo ambayo sikuyatarajia. La kwanza ni kwamba uhalisia si kunakili kila kitu. Kijana alinionyesha hesabu: mwanya wa milimita tatu katika ndege halisi, ukiugawa kwa 34, haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Ukiuchora kwa kipimo chake hauonekani. Ukiuchora mpana sana, ndege inafanana na ukuta wa matofali. Kwa hiyo fundi huchagua. Mpaka wa mlango huuchora ukakolea, mpaka wa bamba la kawaida huuacha mwepesi, na mingine huidokeza tu.

La pili lilihusu ribiti. Tulizitia kwa gurudumu la meno tulilolitoa katika saa mbovu ya mezani. Tulilitilia mpini wa waya, na ukilibingirisha kando ya rula huacha safu ya vitone vidogo sana. Kwa zile kubwa za kwenye vifuniko tulitumia sindano ya hospitali iliyokatwa ncha, ambayo ukiizungusha huacha kiduara. Kijana alipopata kifaa hicho alitaka kuzijaza ribiti kila mahali, na alipofika kwenye bawa babu yake akamshika mkono. "Hapo hapana," alisema. "Ngozi ya bawa la VC10 haikuwa mabati membamba yaliyoshonwashonwa. Ilichongwa kwa mashine kutoka mabamba mazito ya alumini, pamoja na mbavu zake za ndani. Ribiti zilikuwa chache. Ukizijaza, utakuwa umeipamba, lakini utakuwa umeisingizia." Mjukuu akaweka kifaa chini. Nilimwona mzee yule, ambaye siku hizi hulisahau jina la jirani, akipitisha kidole juu ya plaiwudi na kutaja kilichokuwa wapi: hapa kifuniko, hapa bawaba, hapa tulikuwa tunapanda kwa viatu vya kitambaa.

La tatu lilikuwa gumu kwangu, nalo ni uchafu. Baada ya rangi nyeupe, safari hii ikapulizwa nyembamba, na baada ya herufi za ubavuni, waliifunika kazi yote kwa vanishi. Kisha wakachanganya rangi ya mafuta ya kahawia na nyeusi kwa tapentaini mpaka ikawa kama chai, wakaipitisha kwenye mifereji kwa brashi nyembamba. Rangi hukimbia ndani ya mstari yenyewe. Inayobaki juu hufutwa kwa kitambaa, na hufutwa kuelekea nyuma tu, kwa sababu upepo wa ndege huvuma kutoka puani kwenda mkiani na uchafu wake hufuata njia hiyo. Nyuma ya injini walipaka vumbi la makaa lililosagwa, kidogo sana. Nilitaka kupinga. Baba alisema, "Ndege isiyo na moshi haijaenda popote. Hii ilikuwa inakwenda London."

Chini ya tumbo, karibu na mabawa yanapoungana na kiwiliwili, kilibaki kipande cha rangi yangu ya geti, kama upana wa stempu mbili. Nilikuwa nimekiacha mwisho kwa kuwa kilikuwa pabaya kufikika. Nilipochukua msasa mwanangu alinizuia. Alimwuliza babu yake iwapo ndege halisi hupata viraka. Mzee akacheka. Alisema hapana ndege iliyofanya kazi miaka mingi bila viraka: gari la mizigo huigonga, jiwe la njia ya kurukia huirukia, na fundi hukata bati jipya, hulilaza juu ya jeraha, hulipiga ribiti pande zote nne. Halioni haya kuonekana. Kinachotakiwa ni kwamba liandikwe katika daftari la ndege: tarehe, uharibifu, marekebisho, fundi aliyefanya na mkaguzi aliyepitisha. Kiraka kisichoandikwa ndicho cha kuogopwa.

Kijana alichora mstatili kuzunguka kile kipande, akapitisha gurudumu la saa pande zote nne, safu mbili mbili. Kosa langu likawa bamba la ndege.

Wazazi wenzangu, sina fatwa ya kutoa juu ya malezi. Ninalo ombi moja tu. Mkikuta kazi ya mtoto ina mistari msiyoielewa, mwulizeni mwenyewe kabla ya kushika brashi. Na mkishaikosea, msikae mkingoja aje akasirike. Huenda akawashukuru, akaondoka na kitu ambacho hamtakiona tena.

Siku moja kabla hajarudi shuleni, mwanangu aliniletea daftari jipya la kurasa 96. Juu ya jalada alikuwa ameandika 5H-MOG. Akasema, "Baba, wewe ndiye katibu. Andika." Nikafungua ukurasa wa kwanza. Kalamu yangu, iliyozoea kuandika kwamba wajumbe waliafikiana, ilisita kidogo, kisha ikaandika hivi:

Uharibifu: mistari yote ya kiwiliwili na mabawa kufunikwa kwa rangi ya geti. Aliyeharibu: baba wa mwenye ndege, bila kuuliza. Marekebisho: rangi kuondolewa, mistari kuchorwa upya, kiraka kimoja chini ya tumbo. Mafundi: mwenye ndege, akisaidiwa na baba yake. Mkaguzi: Babu.

Mzee alivaa miwani, akasoma mara mbili, akatia saini.